Machujio ya Baba Mkwe

Nina ugomvi wa siku nyingi na kutu. Wako watu wanaochukia nyoka, wako wanaochukia majirani. Mimi chuki yangu yote niliiweka kwenye kutu, sikubakiza ya kumpa mtu. Ugomvi ulianza miaka ya sitini, nchi zote mbili, Kenya na Uganda, zikiwa zimekwisha kupata uhuru wao na mpaka wenyewe ukiwa gogo moja linaloinuliwa na kushushwa kwa kamba. Nilikuwa na kibanda cha kutengeneza baiskeli Busia, upande wa Uganda, karibu sana na gogo hilo. Wateja wangu walikuwa wale vijana wa kubeba watu kwa baiskeli kutoka kituo cha huku hadi kituo cha kule. Baiskeli zao hazikujua kupumzika. Zilinyeshewa, zikabeba samaki wanaochuruzika maji, zikabeba wanawake na mabunda yao ya vitenge, na kila nati niliyoishika ilikuwa nyekundu na haikukubali kufunguka mpaka uitukane kwa lugha tatu. Kwetu ni Nagongera, kwa hiyo nilianza na Dhopadhola, nikaja Kisamia, nikamalizia na Kiswahili. Kiswahili ndicho kilichofungua nati nyingi zaidi.

Siku moja alikuja mwalimu wa sayansi kutoka Tororo, ekseli ya nyuma imekatika. Alikaa juu ya debe akinitazama nikipigana na nati kwa nyundo. Juu ya paa la kibanda nilikuwa nimeanika mawe ya tochi yaliyokufa, kama kila mtu alivyofanya siku hizo, tukiamini kwamba jua likiyapiga siku mbili tatu yatapata nguvu ya kuwaka tena kidogo. Mwalimu aliyatazama mawe, akaitazama nati, akacheka.

"Bwana fundi," alisema, "unateseka bure, na dawa iko juu ya kichwa chako."

Alichukua jiwe moja, akalipasua, akanionyesha kopo la ndani, la kijivu. Hiyo ni zinki, alisema, na zinki ndiyo ngozi ambayo bati la nyumba huvikwa ili lisiote kutu. Ngozi hiyo naweza kuivika nati yoyote pale pale kibandani. Alinichorea kwenye karatasi ya pakiti ya sigara: bakuli la kioo, siki, chumvi ya haluli, sukari kidogo, betri ya gari. Waya wa chanya ushike zinki, waya wa hasi ushike nati, vyote viwili vizame ndani ya siki bila kugusana. Umeme utaimega zinki huku na kuibandika kule. Nilimwambia haiwezekani. Akasema jaribu.

Alipokuwa anapanda baiskeli yake aligeuka. "Kitu kimoja, bwana fundi. Usipake chombo cha chakula. Kitu kichachu kikigusa zinki huila, na tumbo halitakushukuru."

"Mwalimu," nikasema, "nani atakula spoku?"

Tulicheka wote wawili, akaenda zake. Mpaka leo nakumbuka kicheko changu vizuri kuliko onyo lake, na hapo ndipo penye kasoro yangu.

Nilianza kazi wiki hiyo hiyo. Betri niliipata kwa dereva mmoja wa basi, kuukuu lakini bado ina pumzi. Siki nilinunua dukani. Haluli ilinipatia taabu, kwa sababu haluli watu hununua kijiko kimoja cha kuendeshea tumbo, na mimi niliomba paketi sita. Mwenye duka alinitazama kwa huruma. Alimwita mke wake kutoka nyuma, wakazungumza kwa lugha yao, kisha mama huyo akaniletea papai lililoiva, akasema nijaribu hilo kwanza, na kama siku ya tatu bado tumbo limefunga, niende hospitali bila aibu. Nililipokea papai. Ningeeleza nini?

Mara ya kwanza nilikosea waya. Nilishika waya wa chanya nikaupa nati na wa hasi nikaupa zinki, nikakaa nikisubiri, na nilichokuwa nikisubiri kilikuwa kinakwenda kinyume. Ilikuwa bawaba ya mlango wa mama mwenye nyumba niliyopanga, niliyomwahidi itarudi mpya. Ilirudi nyembamba, ina matundu, na nusu ya mlango wake ililala chini wiki nzima. Mara ya pili umeme ulikwenda kwa pupa na zinki ikaota vinyweleo vyeusi. Nikafunga balbu ya taa ya gari katikati ya waya ili kuupunguza mwendo. Mara ya tatu nilikuwa nimejifunza kwamba kazi si umeme, kazi ni usafi. Nati niliiloweka kwenye siki siku mbili, nikaisugua kwa brashi ya waya, nikaiosha kwa jivu mpaka maji yakawa yanatandaa juu yake bila kukimbia, nikaishika kwa waya tu, vidole visiiguse. Nikaitumbukiza. Vipovu vidogo vikaanza kupanda. Baada ya saa nzima niliitoa, ya kijivu, haina mvuto. Nikaipiga brashi na magadi.

Ikang'aa. Nakwambia ilikuwa nyeupe, ina rangi ya buluu kwa mbali, na sikujua kama nicheke au niombe. Niliiweka nje kwenye umande siku tatu, haikubadilika. Basi nikapotea. Nilipaka nati, bolti, spoku, kufuli, misumari ambayo hakuna aliyeiomba. Niliwaambia vijana wa baiskeli waniletee mawe yote yaliyokufa ya pande zote mbili za mpaka, na askari wa forodha wa upande wa Kenya alimzuia mmoja wao akiwa na gunia la mawe ya tochi yasiyowaka. Alimuuliza anayapeleka wapi. Akasema kwa fundi, anayapika na sukari. Askari aliinua gogo, akampisha.

Sasa katika hali hiyo ya kiburi ndipo alipokuja yeye. Alikuwa msichana wa Kiteso kutoka Mukuju, alikuwa anakaa kwa shangazi yake hapo Busia akiuza unga wa wimbi sokoni, na keria ya baiskeli yake ilikuwa imelegea. Niliifunga kwa nati zangu mpya. Wengine wangesema asante wakaenda. Yeye alichuchumaa, akazikagua moja moja, akaikwaruza moja kwa ukucha.

"Hii ni rangi?" aliuliza.

"Si rangi."

"Itatoka lini?"

"Haitoki."

"Kila kitu inatoka," alisema, na akaniahidi kurudi baada ya mwezi kuona. Alirudi baada ya wiki. Nati zilikuwa vile vile, lakini alisema keria inahitaji kukaguliwa. Ilikaguliwa mara nyingi sana, ile keria. Sijapata kuona keria iliyotunzwa vile.

Mambo yalipofika pa kusemwa, alinieleza habari za baba yake. Mzee alikuwa amefanya kazi ya reli miaka mingi, akarudi nyumbani Mukuju na mapenzi ya chuma. Wenzake wote walikunywa malwa, pombe ya wimbi, kwa mirija yenye chujio la kusukwa kwa nyuzi za mti kwenye ncha, lile linalozuia machicha ya wimbi yasipande mdomoni. Yeye alisema hayo ni mambo ya zamani. Alitengeneza machujio kumi na mawili ya waya wa chuma, akayasokota mwenyewe kwa koleo, madogo na yenye macho ya kupendeza, na akatangaza kwamba hayatachakaa mpaka wajukuu. Baada ya msimu mmoja yalikuwa mekundu. Malwa ni chachu, na inanywewa kwa maji ya moto. Chuma gani kitastahimili? Wageni walianza kusema malwa ya huyu mzee ina ladha ya kufuli. Mke wake alimwambia arudie yale ya kusukwa, na alikuwa tayari kumsukia. Mzee alikataa. Angerudije nyuma, mtu wa reli?

Na mimi, mdomo wangu usiokuwa na breki, nilisema, "Mwambie ayalete."

Yalikuja yamefungwa kwenye leso, na ujumbe juu yake. Msichana aliusema akiwa ameinamisha macho, na si kawaida yake. "Papa anasema hivi: kama fundi naweza fukuza kutu kwa hii kitu yake, basi akuje na watu yake, tuongee. Kama hawezi, abaki na baiskeli."

Ndiyo hivyo. Binti alikuwa amening'inia kwenye machujio kumi na mawili ya waya. Sijawahi kufanya kazi kwa uangalifu kama ule. Niliyaloweka, nikayasugua kwa brashi ya meno niliyonunua kwa ajili hiyo tu, nikayazamisha mawili mawili, na kila moja nililipa saa mbili badala ya moja ili ngozi iwe nene. Nilipoyatoa yalikuwa yanang'aa kama vitu vya altareni. Niliyasuuza mara moja, haraka haraka, kwa sababu nilikuwa na hamu ya kuyaona yamekauka. Wakati nayafunga kwenye leso nilihisi kuna kitu nimekisahau. Nilipapasa mfuko, nikakuta ufunguo upo, nikaendelea kufunga.

Siku ya siku, machujio yakiwa yametangulia na msichana, tulifika Mukuju kwa baiskeli, mimi na mjomba wangu, kaka wa mama yangu, ambaye ndiye alikuwa msemaji wetu. Wazee wa pale walikuwa wamekwisha kukaa kuzunguka chungu chini ya kivuli cha ghala la wimbi, kumi pamoja na mwenye nyumba. Mjomba alipewa kiti. Mimi sikupewa, na sikutaka. Kwao, mkwe hanywi chungu kimoja na baba wa mke wake. Mkishatia mirija yenu katika chungu kimoja mmekuwa wenzi wa rika, na mtu hamwozi mwenzi wake binti. Kwa hiyo niliwekewa kigoda mbali, karibu na zizi, na kikombe cha chai. Mama wa msichana sikumwona kabisa. Huyo ndiye hutakiwi hata kukutana naye macho; alikuwa ndani ya jiko, nyuma ya ukuta wa udongo, na nilimjua kwa kikohozi chake tu.

Mzee aliteremsha mwanzi mrefu uliokuwa ukitunza mirija, akaitoa mmoja mmoja. Kwenye ncha ya kila mmoja lilikuwa chujio langu. Aliuinua wa kwanza juani, akauzungusha polepole.

"Kutu iko wapi?" aliwauliza. "Mtu nataka kuona kutu, aonyeshe mimi."

Hakuna aliyeonyesha. Mirija kumi na moja iliingia chunguni, wa kumi na mbili ukarudi ndani ya mwanzi kwa sababu mgeni mmoja kutoka Iyolwa hakufika. Maji ya moto yakamiminwa, wakavuta. Mmoja wao alisema ladha ya kufuli imekwisha. Mwingine alisema kuna utamu utamu. Mjomba alinitazama kutoka kwenye kiti chake na kunikonyeza, na mimi nikanywa chai yangu kwa madaha, nikajiona nimekwisha kuoa.

Mazungumzo yalikuwa mazuri. Mjomba ana ulimi. Alisifu nyumba yetu mpaka nikatamani kuijua hiyo familia anayoisema. Alikuwa amefika kwenye habari ya ng'ombe wakati mzee mmoja aliyekaa kushoto kwake alipoomba radhi na kuinuka. Alienda nyuma ya ghala. Tulisikia sauti ambayo haihitaji kutafsiriwa. Wenzake walicheka, wakasema huyo umri umemshinda. Kisha aliyecheka zaidi akaacha kucheka, akaangalia chini, akaondoka kwa mwendo wa kasi kuelekea muhogoni. Baada ya hapo hawakuomba radhi tena. Walikuwa wakiinuka wawili wawili. Mjomba alisema, "Na kuhusu tabia ya kijana wetu," akaishia hapo, akashika ukuta.

Ndipo niliposikia tena ile sauti ya mwalimu, wazi, neno kwa neno, na kicheko changu baada yake. Usipake chombo cha chakula. Kwa watu wetu malwa ni chakula. Mtu akinywa malwa jioni hulala bila ugali na hakuna anayemwonea huruma. Nilijua hilo tangu utotoni. Lakini mimi nilipoyatazama yale machujio niliona kutu tu, sikuona mdomo. Nilijisikia mjinga kuliko siku zote za maisha yangu, na hofu ikanipanda mpaka masikioni.

Mzee mmoja, mrefu, aliyekuwa amekwisha kwenda na kurudi mara mbili, alisimama katikati ya uwanja akijifuta mdomo. "Hapa nani hajatapika?" aliuliza.

Wakatazamana. Mwenye nyumba alikuwa ameegemea nguzo ya ghala, rangi yake imekuwa ya jivu. Mjomba wangu alikuwa amekaa chini, kofia iko pembeni. Macho yote yakaja kwenye kigoda changu.

"Huyu," alisema yule mrefu. "Huyu nakunywa chai."

"Hata mjomba yake mwenyewe hahurumii," akasema mwingine.

Nilisimama nikaeleza. Nilisema si sumu, ni zinki tu, ni kitu cha kawaida kabisa, nimekitoa ndani ya mawe ya tochi. Nilipotamka mawe ya tochi niliona kwamba nimezidi kujichimbia. Wazee wawili waliokuwa wamepona walikwenda tena muhogoni kwa kusikia tu.

"Basi anywe," alisema yule mrefu. "Mwenye kuleta kitu anywe, sisi tuone. Kama ni sumu hatakunywa. Kama si sumu, atapike kama sisi."

Hiyo nayo ni desturi, na ni ya zamani kuliko ile nyingine. Akanyooshea mkono chungu. Nikamtazama baba wa msichana, na yeye akanitazama, akatikisa kichwa kwa uchungu. Yeye aliliona kabla yangu. Nikitia mdomo kwenye chungu kile nimejitoa kuwa mkwe, mbele ya wazee, na hakuna mbuzi wa kuchinjwa kulifuta jambo hilo. Nisipotia, mimi ni mtu aliyekuja Mukuju kuua watu kumi na mjomba wake. Msichana alikuwa amesimama mlangoni pa jiko, mkono mdomoni. Nilitaka ardhi ipasuke, lakini ardhi ya Mukuju ni ngumu.

Kikohozi kikatoka jikoni. Kisha sauti ya mama, kwa Kiteso, ndefu, bila haraka. Msichana alisikiliza, akageukia wazee.

"Mama anauliza: kibuyu ni chungu?"

Wazee wale walikuwa na matumbo mabaya lakini sheria walikuwa nayo. Walilijadili wakiwa wameinama, mikono kwenye magoti. Kibuyu kina shingo. Chungu hakina shingo. Kibuyu hubebwa safarini na mtu mmoja; chungu hakibebwi. Mwisho mwenye nyumba mwenyewe akasema, kwa sauti iliyochoka, "Kibuyu si chungu."

Msichana aliingia jikoni, akakaa huko kitambo, akatoka na kibuyu kimejaa malwa kutoka chungu cha pili, kile kilichokuwa bado hakijaguswa na mtu. Akauchomoa mrija wa kumi na mbili kutoka kwenye mwanzi, chujio langu likimeta kwenye ncha, akautumbukiza, akaniletea. Vidole vyake vilikuwa vya baridi.

"Vuta sana," aliniambia chinichini. "Usionje. Vuta."

Nilivuta. Malwa ilikuwa na ladha mbaya, chumvi chumvi, na nikasema moyoni, kumbe hii ndiyo zinki. Nilimaliza kibuyu chote mbele yao, nikakiinamisha chini waone. Kisha nikakaa kwenye kigoda, na watu kumi na moja wakakaa kunitazama.

Sijui kama umewahi kusubiri kutapika huku maisha yako yote yakitegemea hilo. Tumbo langu, ambalo lilikuwa likisumbuliwa hata na maziwa, siku ile lilitulia kabisa. Lilikuwa na raha. Nilifikiria samaki wa kwenye keria, nilifikiria mawe ya tochi, hakuna kitu. Yule mrefu alianza kutikisa kichwa. Mjomba alikuwa akinihimiza kwa macho kama mtu anayeangalia ng'ombe wake akizaa. Niliomba Mungu, na nadhani hakuwa amezoea ombi la aina ile, kwa sababu alichukua muda.

"Tapika basi," alisema msichana, na sauti yake ilitetemeka. Hapo nilijua kwamba ananipenda.

Lilianza kama wazo dogo chini ya mbavu. Nikainua mkono. Wazee wakasogea mbele. Nikasimama, nikafika hatua mbili, na sikufika ya tatu. Ilitoka yote, mbele ya uwanja, mbele ya watu, pamoja na chai na kila kitu nilichokula tangu Busia, na ilipokwisha ikarudi mara ya pili. Kutoka jikoni wanawake wakapiga vigelegele. Naapa walipiga vigelegele. Mjomba alilia. Yule mrefu alinishika mabega nisianguke, akanipigapiga mgongoni, akaniita mwanangu.

Baba wa msichana alijikokota mpaka nilipokuwa nimechuchumaa.

"Mtu ametapika mbele ya wakwe zake," alisema, "hana kitu ingine ya kuficha. Atachukua msichana."

Uji wa wimbi ulipikwa kwa kila mtu. Jua lilipoanza kulegea chungu cha pili kikatolewa, na pamoja nacho mirija kumi na moja yenye machujio ya kusukwa, mapya, yananukia mti. Mama alikuwa ameyasuka mwezi mzima bila kusema. Mzee aliupokea wake, akavuta, na hakutaja reli mpaka tulipoaga. Machujio yangu tuliyarudisha Busia, nikayafunga kwenye baiskeli yangu kama mapambo ya usukani. Miaka mingi yalikuwa pale, hayakuota kutu hata kidogo. Nami kwa miaka hiyo yote nilimsimulia kila aliyekaa kwenye debe langu jinsi sayansi ilivyoniponza na sayansi ile ile ikaniokoa: zinki iliyowatapisha wao ndiyo iliyonitapisha mimi, na ndivyo ukweli unavyothibitishwa. Nililisema kwa kidole kimeinuliwa.

Mama mkwe hakuwahi kuzungumza nami katika muda huo. Tulikuwa tukipishana njiani, yeye akiingia kwenye majani upande wake na mimi upande wangu. Mpaka tulipopata mtoto wa tatu, mbuzi akachinjwa, maneno yakasemwa, na akaruhusiwa kuja Busia kukaa chumba kimoja na mimi. Alikuwa mwanamke mdogo, mwembamba, mwenye macho ya kucheka. Mke wangu alitoka kumwogesha mtoto. Tulibaki wawili, na mimi kwa kukosa la kusema nikaanza habari ya zinki, nikafika kwenye kidole.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafunika mdomo kwa leso, mabega yakicheka.

"Wewe bado nadhani ile ilikuwa zinki yako?"

Nilikishusha kidole.

"Mimi naweka chumvi ndani ya kibuyu, konzi mzima. Na sabuni ya kufulia kidogo. Ile kitu yako nachelewa, wazee nachoka, jua nakwenda. Mimi ningengoja mpaka lini?"

"Lakini mama," nikasema, "ulijuaje kwamba sikuwa nimewatilia sumu kweli?"

Alikunja leso yake, akailaza vizuri magotini. "Kwa ukuta ya jiko iko tundu. Mimi nakutazama tangu asubuhi. Mtu wa sumu, watu wakianza kuanguka, yeye naangalia njia ya kutoka. Wewe ulikuwa naangalia msichana yangu."

Niliinuka nikachukua birika, nikamjazia chai, nikatia sukari vijiko vitatu, nikaikoroga, nikamkabidhi kwa mikono miwili. Akaipokea, akainusa, akaionja kwanza kwa ncha ya ulimi, huku ananitazama.